Askofu na Lugha za Waumini Wake: Huduma ya Kichungaji katika Jimbo la Mbarara na Makazi ya Wakimbizi ya Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wadhifa wa askofu Mkatoliki unavyokutana na suala la lugha katika eneo lenye wakimbizi wengi. Jimbo linalochunguzwa ni Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, ambamo ndani ya mipaka yake yamo makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Hoja kuu ni kwamba, kwa mujibu wa sheria za Kanisa, mkimbizi si mgeni wa askofu. Ni muumini wake kamili ndani ya muda mfupi sana, na kwa hiyo lugha anayoielewa ni sehemu ya haki yake. Makala yanafuatilia historia ya lugha katika jimbo hilo, hasa wakati wa Askofu John Baptist Kakubi (1969–1991), kisha yanajadili ukalimani katika kitubio na ndoa, na hatimaye yanahoji dhana kwamba Kiswahili peke yake ni jibu lililokwisha kupatikana.

Utangulizi

Wataalamu wa sera za lugha katika Afrika Mashariki huitazama zaidi serikali, shule na vyombo vya habari. Kanisa hutajwa kama chanzo cha historia: wamisionari waliandika sarufi, wakatafsiri Maandiko, wakafungua shule. Mara chache hutazamwa kama taasisi ambayo mpaka leo inafanya maamuzi ya lugha kila wiki, na ambayo maamuzi yake yana matokeo ya kisheria kwa watu. Ndoa iliyofungwa bila mmoja wa wahusika kuelewa alichokiri inaweza kubatilishwa. Kitubio kilichopitia kwa mkalimani asiyeaminika kinaweza kumwangamiza mtu kijijini pake. Nakivale ni mahali ambapo mambo hayo yanaonekana waziwazi.

Makazi hayo yapo katika Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbarara mwaka 2005. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda walipovuka mpaka, na yamo miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Leo yana wakimbizi zaidi ya 150,000, na wengi wao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wamo pia Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Si wote Wakatoliki, bila shaka. Wapo Waislamu, Wapentekoste, Waanglikana, Waadventista na Waorthodoksi, na kila dini ina namna yake ya kulikabili suala la lugha. Makala haya yanajifunga kwa Wakatoliki kwa sababu Kanisa lao limeiandika misimamo yake katika sheria, nayo inaweza kusomwa na kupimwa.

Jimbo lililoanza kusali kwa lugha ya jirani

Ukristo uliingia Ankole ukitokea Buganda. Makatekista wengi wa mwanzo walikuwa Waganda, na Kiganda ndicho kilichokuwa lugha ya mafundisho, ya vitabu na ya shule kwa miongo kadhaa. Mnyankole wa miaka ya 1920 aliyetaka kubatizwa alijifunza sala kwa lugha ambayo aliielewa kiasi lakini haikuwa yake. Ukaribu wa lugha hizo mbili ulificha tatizo: aliyekariri alionekana ameelewa.

Wakati huohuo Kiswahili kilikuwa na mashaka yake. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza kiendelezwe kama lugha ya elimu na utawala katika Uganda. Viongozi wa misheni, Wakatoliki na Waanglikana, walilipinga pendekezo hilo, na mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa naye alitoa waraka wa kulikataa. Sababu zilikuwa nyingi. Wamisionari walikiona Kiswahili kuwa na harufu ya Uislamu, na Buganda ilihofia kupoteza nafasi ya lugha yake. Kwa mtafiti wa leo lililo muhimu ni kwamba maaskofu walikuwa wadau wa sera ya lugha tangu mapema, na walikuwa na uzito wa kusikilizwa.

Mwaka 1934 eneo la magharibi lilitengwa na Vikarieti ya Uganda na kuwa Vikarieti ya Ruwenzori, chini ya François-Xavier Lacoursière, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1953 vikarieti hiyo ikawa Jimbo la Mbarara, na Lacoursière akawa askofu wake wa kwanza. Alifuatwa mwaka 1956 na Jean-Marie Ogez, naye pia wa shirika hilohilo. Jimbo lilikuwa kubwa mno, na wakati wa Ogez likamegwa mara mbili: Fort Portal mwaka 1961 na Kabale mwaka 1966.

Miaka hiyohiyo ndiyo iliyoshuhudia Runyankore-Rukiga, yaani lugha za Wanyankole na Wakiga zilizounganishwa kwa tahajia moja, ikichukua nafasi ya Kiganda katika vitabu na ibada. Kamusi ya C. Taylor ilichapishwa mwaka 1959, na Biblia nzima mwaka 1964. Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) uliporuhusu lugha za wenyeji katika liturjia, Ankole ilikuwa tayari na lugha iliyosanifishwa ya kuipokea ruhusa hiyo. Waumini wa Mbarara, kwa maneno mengine, ni watu ambao wazazi wao walijua maana ya kusali kwa lugha ya mwingine na kisha kupewa yao. Ni kumbukumbu ambayo haijatumiwa vya kutosha katika mjadala wa wakimbizi.

Kakubi, 1969–1991

John Baptist Kakubi aliteuliwa mwaka 1969 kuwa askofu wa kwanza mzalendo wa Mbarara. Alikuwa mmoja wa maaskofu 12 waliowekewa mikono na Papa Paulo wa Sita jijini Kampala tarehe 1 Agosti 1969, katika ziara ya kwanza ya Papa aliye madarakani barani Afrika katika zama hizi. Siku moja kabla ya hapo, akizungumza na maaskofu wa Afrika, Papa aliwaambia kwamba imani ni moja lakini lugha na namna ya kuieleza vinaweza kuwa vingi, na kwamba Waafrika sasa ni wamisionari wao wenyewe. Kwa askofu aliyekuwa anangoja kuwekwa wakfu kesho yake, hayo yalikuwa sawa na maelekezo ya kazi.

Huduma ya Kakubi ilidumu miaka 22, na ni vigumu kupata miaka 22 migumu zaidi katika historia ya Ankole. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na mwaka huohuo askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa katika kambi ya Simba mjini Mbarara. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliushambulia mji huo kutoka Tanzania wakashindwa, na kisasi kikawaangukia raia. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikuisaidia lugha yenyewe, kwani kwa raia wengi Kiswahili kilikuwa ndicho kinachosikika kizuizini na kambini. Mwanzoni mwa 1979 majeshi ya Tanzania yaliiteka Mbarara, na mji ukavunjwa vibaya. Askari waliomfukuza Amin nao walizungumza Kiswahili. Lugha moja ikawa imefika mjini hapo kwa bunduki za pande zote mbili, na si ajabu kwamba masista na walimu wa kizazi hicho waliiona kama lugha ya kuamriwa kuliko ya kufarijiwa.

Kisha ikaja Oktoba 1982. Watu waliotajwa kuwa Wanyarwanda walifukuzwa katika mashamba yao sehemu nyingi za Ankole kwa msukumo wa viongozi wa wilaya na vijana wa chama tawala. Nyumba zilichomwa na ng'ombe wakatwaliwa. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Rwanda, na wengine makumi ya maelfu wakasukumwa ndani ya makazi ya zamani ya wakimbizi, yakiwemo Nakivale na Orukinga. Wengi wa waliofukuzwa hawakuwa wakimbizi kabisa. Walikuwa wakazi wa miaka mingi, baadhi yao wazaliwa wa Uganda, waliozungumza Runyankore sokoni na kanisani sawa na majirani zao. Tukio hilo linapasa kuwafikirisha wale wanaodhani kwamba mgeni akijua lugha ya wenyeji basi amekwisha kuwa salama. Kinyarwanda na Runyankore ni lugha za karibu, na waliofukuzwa walikuwa wamejifunza ya pili vizuri. Haikuwasaidia.

Kwa askofu, wafukuzaji na wafukuzwa walikuwa waumini wake kwa pamoja. Walikuwa wamebatizwa kwa kisima kimoja, kwa lugha ileile. Ndani ya mazingira hayo ndipo Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa ulipoanza kutumika, Novemba 1983, mwaka mmoja tu baada ya ufukuzaji, ukiwa na vifungu ambavyo kwa jimbo kama Mbarara havikuwa nadharia.

Kakubi alistaafu mwaka 1991. Mrithi wake, Paul Bakyenga, aliliongoza jimbo hadi 2020, akiwa askofu mkuu tangu Mbarara ilipopandishwa hadhi kuwa Jimbo Kuu mwaka 1999. Aliyefuata ni Lambert Bainomugisha. Ni katika miaka ya Bakyenga ambapo sura ya Nakivale ilibadilika, kwa kuwa vita vya Kongo vilivyoanza mwaka 1996 vilileta watu ambao lugha zao hazina ukaribu ule wa Kinyarwanda na Runyankore.

Miezi mitatu

Kwa sheria ya nchi, mkimbizi hubaki mgeni kwa muda mrefu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasifiwa kwa ukarimu wake: inatoa haki ya kufanya kazi na kutembea. Hata hivyo, kupewa hifadhi si kupewa uraia, na mtoto wa mkimbizi anaweza kuzaliwa, kusoma na kuoa Nakivale akiwa bado na hadhi ya mzazi wake.

Sheria ya Kanisa inakwenda njia nyingine. Kanuni ya 102 inasema kwamba mtu hupata makao ya muda katika parokia au jimbo akikaa hapo kwa nia ya kubaki walau miezi mitatu, au akiwa amekwisha kukaa miezi mitatu kwa hakika. Akikaa miaka mitano, anapata makao kamili. Kanuni ya 107 inaongeza kwamba kwa makao hayo mtu hupata paroko wake na askofu wake. Hata asiye na makao popote ana paroko: ni yule wa mahali alipo wakati huo. Hakuna mahojiano ya kuthibitisha hadhi, hakuna kitambulisho. Mkongomani aliyefika Nakivale mwezi Januari akitokea Rutshuru, ifikapo Aprili askofu wake ni yule mwenye kiti chake juu ya kilima cha Nyamitanga mjini Mbarara, kwa namna ileile ambayo ni askofu wa Mnyankole aliyezaliwa chini ya kilima hicho.

Kanuni ya 383 inamtaka askofu awajali waumini wote wa eneo lake, wa umri, hali au taifa lolote, wawe wakazi wa kudumu au wa muda, na hasa wale ambao kwa hali yao hawawezi kufaidi huduma ya kawaida. Hati ya Mtaguso juu ya maaskofu, ya mwaka 1965, inawataja wakimbizi kwa jina. Inaeleza pia kwamba penye waumini wa lugha nyingine askofu awapatie mapadre au parokia za lugha hiyo. Kanuni ya 518 inaruhusu parokia inayoundwa kwa kufuata lugha badala ya mipaka ya ardhi, na kanuni ya 568 inataka wakimbizi wapewe makasisi wao kadiri inavyowezekana.

Maneno hayo ya mwisho, "kadiri inavyowezekana", ndiyo mlango ambao mengi hupitia. Padre wa Ankole husomea falsafa na teolojia kwa Kiingereza na kuhubiri kwa Runyankore-Rukiga. Kanuni ya 249 inataka waseminari wafundishwe pia lugha zinazohitajika kwa huduma. Jimbo lenye makazi ya wakimbizi ya miaka zaidi ya 60 lina haki ya kuihesabu Kiswahili, na pengine Kirundi, miongoni mwa lugha hizo. Kuchukulia kwamba wakimbizi ni wapitaji, na kwamba padre anayezungumza lugha yao ni anasa ya muda, ni kusahau umri wa Nakivale.

Mkalimani katika kitubio na ndoa

Mahubiri yanaweza kukalimaniwa hadharani, na kosa likitokea waumini wenyewe husahihisha kwa kicheko. Kitubio ni jambo jingine. Kanuni ya 990 inaruhusu kuungama kwa njia ya mkalimani, mradi matumizi mabaya na kashfa viepukwe. Kanuni ya 983 inamfunga mkalimani kwa siri kama inavyomfunga padre, na akiivunja hupata adhabu ya Kanisa.

Katika parokia ya kawaida kifungu hicho husomwa seminarini na kusahaulika. Nakivale hakisahauliki. Mtu aliyepitia vita huungama mambo ambayo yanaweza kuwa na mtu upande wa pili: alichofanya akiwa amelazimishwa kubeba silaha, nani alimwonyesha njia, nani aliachwa nyuma. Mkalimani anayepatikana kwa urahisi ni jirani, na jirani anaweza kuwa wa kabila, kijiji au ukoo unaohusika. Muungamaji hulijua hilo kabla ya kufungua kinywa. Matokeo yake si lazima yawe usaliti. Mara nyingi ni ukimya. Anaungama madogo, anaacha lililomleta. Watafiti wa mahojiano ya kutambua hadhi ya ukimbizi wataufahamu ukimya huo mara moja, kwa kuwa nao hupokea ushahidi uliochujwa na sikio la mtu wa tatu.

Ndoa ina ugumu wa aina yake. Kanuni ya 1106 inasema ndoa inaweza kufungwa kwa njia ya mkalimani, lakini paroko asiisimamie mpaka awe na hakika kwamba mkalimani huyo anaaminika. Sheria haitaki awe amesoma ukalimani. Inataka uaminifu wake ujulikane, na anayetakiwa kuujua ni paroko mwenyewe. Jambo hilo linaungana na tatizo la hati. Cheti cha ubatizo kilibaki katika parokia ambayo huenda imeporwa au kuchomwa. Kanisa lina njia: kanuni ya 876 inakubali shahidi mmoja asiye na shaka, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima; na kanuni ya 1068 inaruhusu, katika hatari ya kifo, kiapo cha wachumba kwamba wamebatizwa na hawana kizuizi. Kila njia kati ya hizo inategemea neno lililosemwa. Mjane anayesema mumewe alikufa njiani anatoa habari ambayo uhuru wake wa kuolewa tena unasimama juu yake. Ikiwa mkalimani hatofautishi "alipotea" na "alikufa", au akiona aibu kuuliza mara ya pili, kosa si la sarufi tu.

Kiswahili kipi?

Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kwa washauri wa sera, Nakivale inaonekana kama mahali ambapo uamuzi huo umekwisha kutekelezwa na watu wenyewe: Mkongomani na Mrundi hupatana bei kwa Kiswahili, na mapadre wachache wenye Kiswahili huadhimisha misa zinazojaa.

Ni kweli, lakini kwa kiasi. Kiswahili cha Kivu si kile cha vitabu vya liturjia vilivyotafsiriwa Tanzania. Msemaji wa Kivu husema *batu* na *bana* panapoandikwa *watu* na *wana*. Kwa sikio la Mnyankole mwenye *abantu* na *abaana*, huenda umbo hilo likawa jepesi kuliko lile sanifu, na hapo ipo fursa ambayo walimu wa Kiswahili jimboni wangeweza kuitumia badala ya kuisahihisha. Ugumu zaidi uko katika msamiati wa Kanisa. Mfano mzuri ni neno *shirika*. Katika majimbo kadhaa ya mashariki mwa Kongo, shirika ni jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaani, matunda ya uamuzi wa maaskofu wa Kongo wa tangu 1961. Nchi za AMECEA zilipolichagua wazo hilohilo kuwa kipaumbele mwaka 1976, Waswahili wa Tanzania na Kenya waliita *jumuiya ndogondogo*, na *shirika* likabaki la watawa. Nakivale linaongezeka la tatu: shirika ni taasisi ya misaada, kuanzia Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hadi asasi ndogo za maji na afya. Chukuliwe sentensi "Jina lako limeandikwa shirikani." Katekista kutoka Kivu anasikia jumuiya, padre aliyesomea Tanzania anasikia utawa, na mama anayengoja mgao wa chakula anasikia tumaini jingine kabisa.

Zaidi ya hapo, wapo ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili dhaifu. Bibi wa Kihunde au wa Kirundi aliyelelewa kijijini anaweza kuuza mboga kwa Kiswahili na asiweze kuungama kwacho. Kumhamisha kutoka Runyankore hadi Kiswahili ni kumpunguzia umbali, hakumfikishi. Watoto wake wanakabiliwa na mkanganyo mwingine: shule za msingi za Uganda hufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo, kisha Kiingereza, kwa hiyo mtoto wa Kongo Isingiro hukutana na Runyankore-Rukiga darasani, Kiswahili sokoni, na lugha ya bibi yake nyumbani. Katekisimu anayofundishwa Jumapili huamua ni ipi kati ya hizo itakayobeba mambo mazito.

Askofu anayekumbukwa

Wakimbizi hawafiki na lugha peke yake. Wanafika pia na picha ya askofu ni mtu wa namna gani. Waliotoka Bukavu, hasa wenye umri wa kukumbuka, wanamjua Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyekuwa askofu mkuu wao tangu 1995. Wanyarwanda waliokuwa wamemiminika Kivu mwaka 1994 hawakuwa watu wake kwa kuzaliwa, na baadhi yao walishutumiwa kwa mauaji ya kimbari. Hata hivyo alisisitiza kwamba umati wa wanawake na watoto usichanganywe na wauaji, akapinga vita vilivyokuwa vinakuja, na hakuondoka mjini vilipofika. Aliuawa na askari tarehe 29 Oktoba 1996. Msimamo wake una wapinzani hadi leo, lakini kwa waumini wake ulithibitisha kwamba askofu husemea hata wale ambao sheria ya nchi inawaita wageni.

Kipimo hicho ni kikubwa kwa jimbo lolote, na Mbarara hakiwezi kukikwepa kwa kusema kwamba kina Kiswahili cha kutosha. Tatizo la kila siku ni dogo na gumu zaidi. Katekista wa Kikongo au wa Kirundi anayeaminiwa na watu wake, aliyekwisha kuzoea kukalimani katika kitubio bila kutikisika na kuuliza mara ya pili kuhusu mume aliyepotea, ndiye pia mwenye elimu na lugha zinazomwezesha kuitwa kwenye mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu. Akipata nafasi ya kwenda Marekani au Kanada na wanawe, hakuna wa kumlaumu. Siku anapopanda basi, paroko anarudi mwanzo wa kanuni ya 1106, akimtafuta mtu mwingine ambaye uaminifu wake anaweza kuwa na hakika nao, na wachumba waliokuwa wamepangiwa Jumamosi wanaambiwa wasubiri.